Mshipi wa Sultani Zohali

Huko nyuma ya makao ya jua, katika mbingu zenye baridi, alitawala Sultani Zohali, mkubwa wa mwili na mpole wa kauli, na miezi wengi walimzunguka wakimtumikia, na kiunoni alivaa mshipi mpana wa barafu inayometameta, na kila mtu aliusifu, na hapana aliyethubutu kuuliza umetoka wapi.

Sultani akaposa mwezi mdogo mweupe, jina lake Badria. Wazee wake wakaitikia upesi, maana wazee wakinusa ufalme hawaulizi la pili. Na desturi ya nchi ile ilikuwa bi harusi asogee mpaka penye kiti cha enzi, abusu mkono wa mumewe mbele ya baraza.

Siku ya nikahi Badria akaanza kusogea. Somo wake aliyemfunda, Bi Kirembe, nyota mwenye mkia, bikizee mzururaji asiyejua kutulia, akamshika.

"Simama hapo hapo, mwanangu! Mke wa kwanza alikwenda kuubusu mkono ule. Unauona mshipi? Ndiye yeye."

"Alimuua?"

"Hakumuua. Uzito wa Sultani ulimvuta, akapasuka vipande vipande hata mkono hajaugusa. Nilikuwapo, na mkia wangu huu nusura niuache huko."

Badria akaona kukimbia ni aibu ya ukoo mzima. Akapaza sauti: "Ewe maulana, mshipi wako ni nani?"

Mwezi mmoja mnene akanong'ona, "Huyu kafunzwa na nani?"

"Nami," akajibu Bi Kirembe. "Una neno?"

Sultani akalia. "Ni Salha, mke wangu. Ukubwa wangu siwezi kuupunguza, ila nilijua, na nikamwacha aje, kwa kuwa nilipenda kubusiwa mkono. Kosa ni langu, bibi, na nimelivaa."

"Basi nyumba yangu ni hapa niliposimama. Wanitaka hapa, au waniacha?"

"Nakutaka hapo hapo."

Ndipo Badria akatwaa mrashi, akaujaza maji ya bahari iliyofichika chini ya barafu ya mwili wake, akamnyunyizia kwa mbali kama anyunyiziwavyo mgeni wa heshima, na maji yakaganda njiani yakawa lulu, yakamjaa Sultani ndevuni, naye akacheka.

Wakaoana, na desturi ile ikafutwa, na Badria akapewa njia yake mwenyewe mbinguni, na hazina, na majini saba wa kumtumikia.

Wako wasemao mapenzi ni kukaribiana. Na waseme. Mtu mzito mpende, lakini mpende kutoka pale utakapobaki mzima.