Mifupa Ukutani mwa Kigango

"Mkimbia fuvu haoni chipukizi." Mnacheka? Chekeni tu! Msemo huu ulizaliwa hukuhuku milimani kwetu Umatengo, na ulianza hivi.

Mfinyanzi Osmunda alifiwa na mumewe, Kanisio, siku chache baada ya mume huyo kulaza majani ya shamba lao la ngoro. Kazi ya ngoro mnaijua: mwanamume hufyeka na kulaza majani miraba miraba, mwanamke huyafukia na kupanda maharage juu yake. Osmunda akafukia peke yake, analima huku analia. Pasaka ilipokaribia, akapewa kazi ya kusiriba ukuta wa kanisa la kigango. Alipomaliza kusiriba, akachukua mkaa, akachora ukuta mzima.

Lo! Jumapili ya Matawi watu wanafungua mlango, fuvu linawakenulia meno, na mifupa imejaa ukutani! Walitimua mbio, matawi wakayatupa njiani. "Mchawi huyo!" Wazee wakakata shauri: mchoro upakwe chokaa, na Osmunda ahame kabla jua halijazama.

Katekista Fridolini akaja na ndoo, akaanza kupaka huku uso kaugeuza pembeni. Osmunda alisimama mlangoni na jembe lake. Nyumba imekwenda, shamba limekwenda, na sasa Kanisio anafutwa.

Mara akaingia Bibi Kunigunda, mama yake Fridolini. Macho yake yalikuwa hafifu, na asiyeona vizuri hana budi kusogea. Akasogea mpaka pua ikagusa ukuta.

"Weka brashi chini, Fridolini!"

"Mama, toka hapo! Hayo ni mauti!"

"Mauti gani, we mtoto! Mifupa imelazwa miraba miraba. Hii ni ngoro! Na hapa, kwenye tundu la jicho, njoo uone! Haragwe limechipua!"

Fridolini akageuza uso, akatazama kwa mara ya kwanza. Ndoo ikamponyoka.

"Osmunda, mwanangu," bibi akauliza, "huyu nani kamfukia?"

"Mimi, bibi. Yeye alilaza, mimi nikafukia. Sasa namngoja achipue."

Weee! Bibi alipiga kigelegele, mabati yakatikisika! Wale wale waliokimbia wakaja wanasukumana, kila mtu anataka kuligusa lile haragwe kwa kidole chake. Osmunda akalia tena, safari hii kwa furaha; wazee wakamwambia asihame, na jembe likarudi shambani.

Na Fridolini? Alikuwa amekwisha kupaka chokaa ubavu mzima wa mchoro. Kila Pasaka alikaa chini ya doa lile, akawaambia watoto kwa aibu: "Mkimbia fuvu haoni chipukizi."