Chui Jike wa Chemchemini

Sogeeni mkekani, ngano imefika.

Chui mwenye kusema alilala mbele ya chemchemi, akimwuliza kila aliyekuja kuteka maji, "Mimi ni nani?"

Dada mkubwa wa binti mmoja aitwaye Siwatu alijibu, "Chui dume," akararuliwa mkono. Wa pili alijibu, "Chui mwanamke," akararuliwa mguu. Siwatu akaenda, kwa kuwa dada zake waliojeruhiwa walikuwa hoi kwa kiu. Aliogopa, lakini alimtazama chui kwanza, akaona chuchu zimejaa maziwa.

"Wewe ni chui jike," akasema. "Mwanamke ni mimi. Nawe unanyonyesha."

Chui akainuka, nyuma yake wanawe wakinywa maji ya chemchemi. "Teka."

Siwatu akateka, na dada zake walipokunywa, majeraha yakajifunga. Mpaka leo, wafikao pale husema, "Hodi, chui jike," kisha husubiri kuitikiwa.

Ngano yangu nimeitua.