Mafuta ya Kwato ya Bwana Fisi

Mwaka ule jua lilihamia nyikani na mizigo yake yote, na halikuonyesha dalili ya kuondoka. Nyasi zikawa makapi, mto ukakauka, likabaki dimbwi moja la maji mazito ambayo hata ngiri aliyanywa huku amefumba macho. Maji ya maana yalikuwa ng'ambo ya vilima, mwendo wa siku nne juu ya mawe matupu. Kundi la pundamilia likakata shauri kuhama baada ya siku saba.

Kundi hilo lilikuwa na desturi moja ngumu. Siku ya kuhama, kila mwenye kwato alipita peke yake juu ya jabali pana, mbele ya Mama Milia, kiongozi wao, na wengine wote wakanyamaza wasikilize anavyokanyaga. Aliyechechemea aliachwa, maana mmoja akilemaa njiani huwachelewesha wote. Aachiwe nani, halikuwa jambo la kuulizwa. Fisi alikuwapo siku zote, nyuma kidogo, akitabasamu.

Katika kundi hilo alikuwamo Farasi. Alikuwa mgeni, ametoroka kwenye banda la tajiri mmoja, na tangu atoroke haikupita siku asilisifie banda lile alilolikimbia. Kwetu bandani tulikula shayiri. Kwetu bandani tulichanwa mikia. Pundamilia walimsikiliza kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza mjomba aliyewahi kuishi ng'ambo.

Sasa Farasi alikuwa na siri. Ukwato wake wa mbele, wa kulia, ulikuwa umepata ufa. Ufa ulianzia chini, ukawa unapanda siku hadi siku kuelekea manyoya yanapoanzia, na kila alipokanyaga jiwe alichomwa hadi begani. Hakumwambia mtu. Alisimama kwenye majani marefu akajifanya anapenda upweke. Aliogopa sana, na kwa majivuno yake hakuwa na wa kumweleza.

Lakini Fisi alikwisha kuuona ufa ule. Kiangazi kile hakuwa na kazi nyingine ila kutazama miguu ya wenzake. Akamjia Farasi pale majanini, kichwa chini, sauti imejaa heshima.

"Shikamoo, Mzee Farasi."

"Marahaba."

"Nasikia huko kwa tajiri walikuwa wakikupaka kwato mafuta."

"Kila asubuhi," alisema Farasi, na shingo ikapanda yenyewe. "Zilikuwa zinang'aa mpaka unajiona uso."

"Basi mafuta hayo ninayo. Nimerithishwa na babu yangu. Shida ni kwamba mimi ni fisi, na nikisema neno jema watu hushika njia. Ningempata mtu wa hadhi, aliyezaliwa na mambo haya, akanisemea mbele ya kundi..." Fisi alishusha macho mpaka kwenye ufa, akayainua tena. "Huyo ningempaka wa kwanza. Ni meusi na mazito. Yanafunika kila kitu."

Farasi alijua fisi ni fisi. Hata ndama wa juzi analijua hilo. Lakini ufa ulimuuma, na neno "hadhi" lilikuwa limekwisha kuingia sikioni na kukaa kitako. Akakubali.

Mafuta yenyewe Fisi aliyachemsha nyuma ya kichuguu. Alichukua ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege, akatia masizi ili uwe mweusi, akatia shahamu ya mzoga ili ung'ae na uteleze, akakoroga kwa mfupa. Aliyatia kibuyuni, akajifunga kitambaa kichwani, akawa fundi.

Kesho yake Farasi alisimama mbele ya kundi, kwato zake nne nyeusi zinametameta, ufa hauonekani.

"Kwetu bandani," alianza, na safari hii wote walinyanyua masikio. Akayasifu mafuta mpaka akaishiwa na maneno.

Fisi akatoa masharti. "Msioshe. Msikwangue. Maji ni adui wa kwato. Pakeni hapo hapo, juu ya vumbi, juu ya tope, matabaka matatu kwa siku."

Mama Milia alimgeukia Farasi. Ndiye aliyempokea siku alipofika amekonda na kamba shingoni, wenzake walipotaka afukuzwe. "Ndivyo ilivyokuwa kwenu?"

"Ndivyo," alijibu Farasi, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejua.

Siku mbili zilizofuata nyika nzima ilikuwa maringo matupu. Pundamilia walipanga foleni kupakwa, kisha wakatembea kwa madaha, kila mmoja akiinamia miguu yake mwenyewe kuitazama. Wawili walikaribia kugongana vichwa. Mmoja aligoma kwenda malishoni asije akachafuka. Kwato zao zilikuwa zimejaa kinyesi na udongo wa dimbwi, na ulimbo ukavifungia vyote ndani, tabaka juu ya tabaka.

Siku ya tatu harufu ikaanza. Siku ya nne asubuhi waliokuwa wazima wakaanza kuchechemea.

"Hiyo ni dawa inafanya kazi," alisema Fisi, akizunguka na kibuyu chake. "Ongezeni." Aliwashika wagonjwa mapaja kwa upole, akiyapima unene. Mate yalimdondoka, akasema ni huruma.

Siku hiyo hiyo Farasi alimwona Mama Milia akiteremka dimbwini. Alikuwa akiunyanyua mguu wa nyuma kila baada ya hatua mbili.

"Unaumwa, Mama?"

"Kidogo. Nikishindwa jabali, dada yangu ataongoza kundi. Nimekwisha kumwambia."

"Lakini wewe ni kiongozi. Desturi ile ni yako."

"Ndiyo maana," alisema Mama Milia, akaenda zake akiruka ruka kwa miguu mitatu.

Farasi aliona aibu mpaka masikio yakamwanguka. Mguu wake mwenyewe ulikuwa unawaka moto chini ya weusi ule, laini kama embe lililooza, lakini aibu ilimuuma zaidi. Akamtafuta Sungura, ambaye hakupakwa mafuta kwa sababu hana kwato, na ambaye kwa siku nne alikuwa akimtazama Fisi bila kusema neno, jambo lililopaswa kumtia Fisi wasiwasi.

"Nisaidie," alisema Farasi.

"Kwanza nieleze walivyokupaka huko kwenu. Anza pale mtunzaji wako alipoingia mlangoni."

"Aliingia na ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya maji, nadhani."

"Unadhani?"

"Kichwa changu kilikuwa horini, bwana. Shayiri ilikuwa inaletwa saa ile ile."

Sungura alitikisa masikio. "Kwa hiyo miaka yote hiyo hukuwahi kugeuza shingo. Haya, usiniambie macho yaliona nini. Niambie miguu ilisikia nini."

Farasi alifumba macho. "Kwanza kukwaruzwa chini, kwenye wayo, kwa kijichuma. Kulikuwa kunatekenya. Halafu brashi. Halafu maji ya baridi, kitambaa, kisha ananiacha kwanza mpaka nikauke. Mwisho ndiyo mafuta, membamba, pembeni na pale juu manyoya yanapoanzia. Mara moja. Na siku nyingine hakupaka kabisa."

"Si ulisema kila asubuhi?"

"Nilisema."

"Basi mkubwa wangu, watu walikusafisha kwanza ndipo wakakupaka, ili unyevu usitoke na uchafu usiwemo. Wewe umewafungia wenzako mavi ndani ya kwato siku nne nzima, na ukawa shahidi. Hapa mimi siwezi kusema badala yako."

Farasi alikuwa tayari kuruka mto uliofurika kuliko kusimama tena mbele ya kundi. Angefukuzwa, na mguu ule usingemfikisha mbali. Alisimama hata hivyo. Alisema yote: kwamba hakujua, kwamba alidanganya, kwamba alipakwa ili kuficha ufa. Pundamilia kadhaa waligeuza matako yao tayari kwa mateke.

"Umemaliza?" aliuliza Mama Milia.

"Nimemaliza."

"Basi lala chini. Tunaanza na ukwato wako, watu wauone."

Sungura akaita tumbili, kwa kuwa wana vidole. Walikwangua ulimbo kwa makali ya mawe, wakachokoa uchafu kwa miiba, wakiziba pua na kucheka bila haya. Kwato zilioshwa kwa maji kidogo ya dimbwi, zikafutwa kwa majani, zikaachwa zikauke. Zilizokuwa laini kwa kuoza hazikupakwa kitu, ziliachiwa upepo. Zilizokauka zilipakwa mafuta ya mbarika yenye nta ya nyuki, membamba hata hayakung'aa. Wengine walinuna kwa kukosa kung'aa. Hakuna aliyewabembeleza.

Kazi hiyo yote ilifanyika bondeni. Fisi aliambiwa wagonjwa wamezidiwa na hawawezi kusimama, akaenda kulala kwa furaha ili apate nguvu za kula. Sungura alimwamsha jioni ya siku ya sita.

"Hongera, Bwana Fundi. Mama Milia amesema watakaoshindwa jabali kesho ukabidhiwe wewe, uwauguze."

Fisi alijitahidi kuhuzunika. "Maskini. Watakuwa wangapi?"

"Hapo ndipo kuna sharti. Anataka fundi naye asimame jabalini amepakwa dawa yake, watu wasiitilie shaka. Kila tabaka moja mguuni mwako, mgonjwa mmoja."

Fisi alifikiri. Yeye hana kwato, ana nyayo. Siku moja ya mafuta haiwezi kumdhuru. "Tabaka la mguu mmoja, au la yote minne?"

"La yote minne," alisema Sungura, akaangalia pembeni.

Fisi akamaliza kibuyu chote. Akachemsha kingine, akakimaliza nacho. Kulipokucha miguu yake ilikuwa minene kama michi, weusi wake unang'aa, naye akasimama mwisho wa jabali, mahali palipo wazi, aonekane vizuri na aone vizuri. Jua lilipanda. Jabali likaanza kupata moto.

Pundamilia wakapita mmoja mmoja. Wa kwanza alikanyaga sawasawa. Fisi akasema moyoni kwamba huyo si kitu, amekonda. Wa pili sawasawa. Wa kumi sawasawa. Mama Milia alipita polepole, akiuma meno, lakini miguu yote minne ilitua. Tabasamu la Fisi lilianza kuchoka.

Wa mwisho alikuwa Farasi.

"Huyo ana ufa," alisema Fisi. "Mimi ndiye niliyemtibu, namjua. Huyo ni wangu."

"Ninao," alisema Farasi mbele ya wote. "Mafuta hayafungi ufa. Utashuka taratibu ukwato unavyoota, na itachukua karibu mwaka. Nipisheni nipite."

Kundi likatega masikio. Farasi akakanyaga. Mguu wa kulia ulitoa sauti ya ukavu, isiyopendeza, na maumivu yakampanda hadi begani. Hakuurudisha. Akaweka uzito wake wote juu yake, hatua baada ya hatua, jasho likimtiririka tumboni, mpaka mwisho wa jabali.

"Kuna aliyesikia akichechemea?" aliuliza Mama Milia.

Hakuna aliyesikia.

Fisi akataka kumrukia. Kiwiliwili kilikwenda, miguu ikabaki. Ulimbo ulikuwa umeyeyuka kwa joto la jabali na kuzama katika kila kitundu cha jiwe, naye akaanguka kifudifudi, nyayo zake nne zimenata pale pale. Tumbili walilazimika kushikana wasidondoke mitini kwa kicheko.

"Na wewe, Fundi," alisema Mama Milia. "Pita tukusikie."

Fisi alivuta mguu mmoja. Alivuta mwingine. Akaomba, akalia, akawataja babu na bibi.

"Basi desturi yetu unaijua," alisema Mama Milia, na kundi likaondoka.

Walifika kwenye maji siku ya nne jioni, wamechoka lakini wametimia. Farasi alifika wa mwisho, akanywa wa mwisho. Tangu hapo pundamilia wakimuuliza habari za bandani huwajibu kuhusu shayiri tu, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoiona kwa macho yake.

Fisi naye alibaki na kazi. Ulimbo hautoki kwa kulia, na hapakuwa na mtu wa kumkwangua, kwa hiyo ilimbidi autoe kwa meno, mguu baada ya mguu, tabaka baada ya tabaka, vibuyu viwili vizima, pamoja na masizi. Njaa ilimfanya ameze. Kobe, aliyepita hapo siku ya tano, alimkuta kwenye mguu wa tatu, akilalamika kwamba aliyeyapika mafuta yale hakutia chumvi.