Santuri ya Ugomvi

Hapo zamani, enzi za santuri, Tanga ilikuwa na bendi nzuri nyingi, na ilikuwa na ya Shekivuli. Bwana huyu alipiga gitaa la nyuzi mbili. Zile nyingine, alisema, zina kiburi. Ngoma zake zilikuwa masufuria. Na Hidaya, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, aliamriwa aimbe kichwa kikiwa ndani ya pipa.

"Sauti nzuri ni ushamba, dada," Shekivuli alimwambia.

Hidaya alivumilia. Alitaka jambo moja tu: mama yake, kule Pangani, asikie redioni sauti ya mwanawe ikiimba vizuri.

Siku ya kurekodi walipiga, wakafuta, wakapiga tena. Mbwana, fundi mitambo, alichoshwa na upuuzi ule akalala, mashine ikizunguka. Shekivuli akataka pipa lizibwe kwa blanketi. Hapo Hidaya akatoa kichwa pipani. Alimkaripia mpaka maneno yakamwishia, na yalipokwisha akaimba kilio cha kwao, huku Shekivuli akipiga masufuria mateke na gitaa likianguka.

Mbwana alipoamka akaisikiliza tepu, akacheka, akaipeleka kiwandani ili kuwakomoa.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wajuzi, ambao hata kupiga makofi kwa mpigo huwashinda, waliandika kwamba muziki sasa una kabla na baada ya santuri ile. Kuanguka kwa gitaa wakakuita falsafa. Mji mzima bendi zikaanza kuangusha magitaa. Mama yake Hidaya naye alisikia redioni, akatuma mtu aulize nani anamliza mwanawe. Hidaya aliona aibu, akalia.

Kisha mkurugenzi wa redio akatangaza: aliyeitunga santuri ile atarekodi nyingine apendavyo, na wenzake watamtii.

Shekivuli akasema, "Ni mimi niliyemtia kwenye pipa. Asingekasirika mngesikia nini? Hasira ile niliitunga mimi. Na safari hii nitamtia kwenye tangi."

Mbwana akasema, "Hawa walikuwa wanagombana tu, kama majirani. Ni mimi niliyesikia kwamba ule ni muziki. Nipeni mimi, nami nitawarekodi tena bila wao kujua."

Hidaya akasema, "Ni mimi niliyeimba. Nipeni niimbe vizuri, mama anisikie."

"Ulikusudia iwe santuri?" mkurugenzi akamuuliza.

Hidaya hakuwa na uongo kama wenzake. "La, bwana. Nilikusudia kurudi nyumbani."

Mkurugenzi akakuna kichwa, na hadi leo anakikuna.

Haya, ninyi mlioinunua mkatikisa vichwa kana kwamba mmeelewa: mmoja alichokoza asiimbe, mmoja aliimba asikusudie, mmoja alilala kisha akasikia. Santuri ile ilikuwa ya nani?