Kibao cha Bwana Shamte

Wageni wawili wa hoteli pekee kisiwani Mwambale walionekana wakila pweza wa nazi kwenye banda la chakula la Bi Kidawa. Mwenye hoteli, Bwana Shamte, akamfuata mama huyo jikoni kwake.

“Ukiwapikia tena wageni wangu, nitalivunja banda lako.”

“Mimi siwaiti, bwana. Wakataze wewe. Waandikie kibao.”

“Niandike nini?”

“Taja chakula chenyewe, banda lilipo na saa ninayoanza kupakua, wasije wakaingia kwa kukosea.”

Kesho yake kibao kikasimama mlangoni mwa hoteli: ‘Ni marufuku kula pweza wa nazi wa Bi Kidawa, nyuma ya shule, kuanzia saa saba mchana.’

Saa saba na nusu Bwana Shamte alikuta meza zake zote tupu. Akakimbilia nyuma ya shule, akapenya katikati ya wageni wake mpaka mbele.

“Bwana,” alisema Bi Kidawa huku akipakua, “na wewe panga foleni.”