Lugendo na Siku ya Kuinua Mawe

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na sita, mwezi wa Machi, na masika yalikuwa yamechelewa kwa wiki tatu. Mvua ilipokuja ilikuja bila upepo wala radi, ikanyesha kwa kipimo kilekile mchana na usiku, mvua ya kijivu isiyomtisha mtu. Wakati huo hapakuwa na ziwa. Palikuwa na mto Luhaga, na kando yake kijiji cha Madukwa, na ndani ya Madukwa aliishi Lugendo mwana wa Kigodi, Kigodi mwana wa Msagati, Msagati mwana wa yule Mhando aliyeshuka kutoka milimani na wake wawili na fahali mmoja, akaulizwa anakwenda wapi, akajibu kwamba amekwisha kufika. Huyo ndiye Lugendo tunayemwita Bega la Luhaga, Mbeba Kijiji, na habari zake ni hizi, enyi watu wa ziwa, kadiri zilivyoweza kuhakikishwa kwa wale waliokuwapo.

Nguvu zake hazikuwa na mfano katika bonde zima. Siku moja fahali alizama matopeni hadi shingoni, wanaume wakasimama ukingoni wakishauriana, na Lugendo aliyekuwa anakula akanawa mkono, akaingia, akamshika yule mnyama pembe, akamvuta hadi penye nyasi, kisha akarudi kumaliza ugali wake kabla haujapoa. Hakujisifu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kama anayelipa kodi.

Lakini ili kazi yake ieleweke, sharti kwanza ieleweke desturi ya Madukwa. Kila mwaka mto ulifurika, na kila mwaka watu walipanda kwenye vibanda vyao juu ya tuta la mchanga, wakakaa huko wiki chache, mpaka maji yaliporudi na kuwaachia udongo mweusi wa kupandia. Walipopanda tutani, kila mwanamke alichukua jiwe dogo la kusagia, lile la mkononi, na kuliacha nyumbani jiwe kubwa la chini, kwa sababu jiwe kubwa ndilo nyumba yenyewe, na mahali lilipo ndipo mtu anaporudi. Jiwe kubwa haliinuliwi mwenyewe akiwa hai. Huinuliwa siku ya maziko yake. Na juu ya wanawake wote alikuwapo mmoja, mkongwe kuliko wenzake, aliyeitwa Mama wa Mawe. Yeye alipokufa, siku hiyo moja tu, mawe ya kijiji kizima yaliruhusiwa kuinuliwa na kuwekwa upya popote ambapo wazee wangechagua. Katika mwaka ninaousimulia Mama wa Mawe aliitwa Mbatilo, naye alikuwa mzima wa afya, mwenye meno yake yote, na alikuwa ndiye mama mzazi wa Lugendo.

Mwaka mmoja kabla, gari la kipaza sauti lilikuwa limefika Madukwa, na ofisa akatangaza, «Ndugu wananchi, maji yanakuja! Hameni mapema!»

Mzee Magoha, msemaji wa kijiji, alimjibu kwa adabu zote. «Tunajua, bwana mkubwa. Huja kila mwaka. Shuka basi, unywe togwa.»

Ofisa akanywa togwa, akashukuru, akaondoka akiwa ameridhika kwamba wamemwelewa. Nao wakamsindikiza wakiwa wameridhika kwamba mtu wa mjini amejifunza habari za mto wao. Hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyoonywa na kisionyeke.

Ni Lugendo peke yake aliyekwenda kuona. Alipeleka mbuzi kuuza kwenye kambi ya wajenzi, huko chini ambako mto hupita kati ya majabali mawili, akakuta pengo lile limezibwa kwa ukuta wa zege mrefu kuliko mti wowote aliopata kuukwea. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza nyapara, «Lango la kuyarudisha maji liko wapi?»

Nyapara akacheka hadi akashika tumbo. «Yarudi wapi, ndugu yangu? Hayo yakishapanda yamepanda. Yanakaa hapo mpaka wajukuu wako wazeeke.»

Lugendo akarudi Madukwa bila kulala njiani. Akaliambia baraza kwamba safari hii tuta la mchanga nalo litafunikwa, kwamba sharti wapande hadi kilima cha Ndololo, na kwamba sharti wapande na mawe makubwa, kwa kuwa mwanamke asiye na jiwe lake hatakaa Ndololo hata wiki mbili, atashuka kulifuata na watoto mgongoni.

Wanawake walimcheka. Tabunga, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wote, akamwambia mbele ya watu, «Wewe Lugendo, umeuza mbuzi au umeinywa bei yake? Tangu lini mto ukasahau njia ya kurudi?»

«Mwache,» akadakia mwingine. «Amechoka kuvuta mafahali, sasa anataka kuvuta mawe yetu.»

Mbatilo hakucheka. Alisema, «Mwanangu hasemi uongo. Lakini hajaishi kwenye mto huu miaka niliyoishi mimi. Maji yatarudi. Nami nikiwa hai, jiwe halitoki Madukwa.» Hayo yalikuwa maneno ya Mama wa Mawe, na baraza likafungwa.

Maji yakaja. Hayakuja kwa hasira kama mafuriko yaliyozoeleka, yenye magogo na kelele. Yalipanda polepole, yakiwa masafi, yakaingia katika mashamba ya chini na kusimama humo. Watu wakapanda kwenye tuta na mawe yao madogo, wakangoja. Wiki ya tatu ikapita, maji hayakurudi. Wiki ya tano yalikuwa kwenye vizingiti vya nyumba za chini, na tuta limekuwa kisiwa kilichobakiwa na kivuko kimoja cha kufika magotini. Lugendo akawaambia wazee kwamba kivuko kile kikizama, hapatakuwa na njia ya kuwatoa watoto. Wazee wakatazama chini. Magoha akasema, «Mama wa Mawe yu hai. Sheria tunaijua, nawe unaijua.»

Basi asubuhi ya kesho yake, mvua ikinyesha vilevile, Bega la Luhaga alishuka mpaka nyumbani kwa mama yake, ambako Mbatilo alikuwa akishuka kila siku kufagia maji, na kijiji kikamfuata kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kuhisi neno. Aliingia ndani. Akachuchumaa, akapitisha mikono chini ya jiwe kubwa, jiwe ambalo liliwekwa na wanaume wanne, akaliinua peke yake na kutoka nalo mlangoni. Uso wake haukuonyesha kitu. Akasimama mbele ya watu, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu yake, akatamka kwa sauti ya kutosha kusikika na wote:

«Mbatilo binti Semkiwa amefariki. Mawe yainuliwe.»

Mbatilo alisimama mlangoni na ufagio mkononi, akimtazama. Kisha Tabunga, yule mwenye ulimi, akaweka mikono kichwani na kupiga yowe la msiba, na yowe lile likapokewa na wanawake wote, kwa kuwa jiwe lilikuwa limeinuliwa mbele ya macho yao, na hakuna desturi ya kulishusha. Wakaingia majumbani. Mawe yakatoka. Lugendo alibeba ya wajane wote na ya wagonjwa, akivuka na kurudi, akivuka na kurudi, mpaka maji ya kivuko yalipomfika mapajani, na kufikia jioni Madukwa haikuwa na jiwe wala mtu.

Mbatilo alipanda mwisho, peke yake, nyuma ya watu waliokuwa wakimlilia. Njiani aliuliza mara moja tu. «Lugendo, huko juu nitakula nini?»

Lugendo hakumjibu. Maiti hajibiwi, na yeye aliyetangaza kifo ndiye wa mwisho kuruhusiwa kukivunja. Kama angefungua kinywa, mawe yote yangekuwa yameibwa, na wanawake wangeyarudisha chini.

Hivyo kilianzishwa kijiji cha Ndololo, na miezi michache baadaye ziwa likakamilika, na paa la mwisho la Madukwa halikuonekana tena. Ofisa alirudi na gari lake, akaagiza watu wahamie mbali, kwenye mashamba mapya ya pamba. Lugendo akasimama mbele ya gari na kusema, «Mawe yamekwisha kukaa.» Ofisa akatazama upana wa mabega yale, akaona ni rahisi zaidi kukiandikisha kijiji. Wavuvi wageni walipokuja kutoka kaskazini na nyavu zao, Lugendo aliwapa viwanja na kuwataka malipo ya aina moja tu, nayo ni kuwafundisha wakulima wa Madukwa kusuka wavu na kuchonga mtumbwi. Wakafundishwa. Soko likafunguliwa, malori ya barafu yakaanza kuja kuchukua perege, shule ikajengwa, kisha zahanati. Nyaya za umeme wa ziwa letu zilipita juu ya vichwa vyetu kwenda mjini, na zilipita hivyo kwa miaka mingi kabla hatujapewa taa.

Mbatilo aliishi katika kibanda pembezoni mwa kijiji. Chakula kiliwekwa mlangoni kwake jinsi kinavyowekwa kaburini, nacho kiliwekwa na Lugendo, kila jioni, bila neno. Alipopita sokoni aliwaamkia watu. «Hamjambo? Samaki leo bei gani?» Watu walipanga samaki wao. Watoto walifundishwa kupita. Baada ya miaka michache hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Ilikuwa hivyo tu, kama pwani ilivyo pwani.

Mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na nne akafa kweli. Wazee wakakutana, na Magoha, aliyekuwa sasa kipofu, akasema kwamba matanga yake yalikwisha kuliwa na mtu hana matanga mawili. Lugendo akasema, «Sijaomba matanga. Nimeomba mnipishe.»

Akambeba mama yake mikononi, akamlaza katika mtumbwi, akapiga kasia kuelekea mahali ambapo chini yake palikuwa Madukwa. Tabunga alikuwa pwani akichota maji, naye ndiye shahidi wa mwisho. Alieleza kwamba sauti ya Lugendo ilisikika vizuri juu ya maji, sauti ya kawaida ya mtu anayezungumza na mama yake. Alikuwa anamweleza nani ameoa, nani amezaa, na samaki bei gani.

Mtumbwi ulipatikana siku iliyofuata, mtupu, kasia likiwa ndani. Nyavu zilivutwa kwa wiki nzima, hazikuleta kitu.

Waliotoka Madukwa walikuwa watu mia sita na kumi na wawili, na hakuna aliyezama siku ile. Leo Ndololo ina watu zaidi ya elfu tisa. Gharama ya yote, ikijumlishwa, ni watu wawili.