Betri Inayokwenda na Kurudi

Mtu mmoja wa milimani, juu ya Tukuyu, kule ambako nguzo za umeme ziliishia njiani, alikuwa na pikapu kuukuu na betri moja. Jina lake Ambakisye. Mchana betri ilikuwa garini, na gari lilikuwa barabarani na viazi na ndizi za watu. Jioni aliifungua, akaitwika begani juu ya kipande cha gunia, akaingia nayo nyumbani kama anayemkaribisha mgeni. Akaunga nyaya, taa ikawaka, redio ikaongea, simu za majirani zikapangwa mezani zipate chaji. Asubuhi akairudisha garini. Barabara iliijaza, nyumba iliitumia. Ndivyo walivyoishi.

Aliipenda betri ile, msidhani natia chumvi. Aliviosha vichwa vyake kwa maji ya moto, akavipaka grisi. Aliiongezea maji kabla haijapungukiwa. Saa tatu ikifika alizima taa hata kama mtu yuko katikati ya neno, ili nguvu ya kuwasha gari ibaki. Mzee Mwakyoma, jirani yake asiyejua kufunga mdomo, alikuwa akisema, "Huyu bwana akifiwa na betri, tutalala matanga hapa." Watu wakacheka, na Ambakisye naye akacheka, maana ilikuwa kweli.

Na hakuna mgeni aliyekanyaga pale asipate hotuba. "Kazi haiiui betri, ndugu yangu," Ambakisye angesema, kidole juu. "Kinachoiua ni kuchukua, kuchukua, bila kuirudishia. Na ukiiweka tu ndani usiitembeze, itakufa hata kama hujaigusa. Itoe. Ikaone barabara."

Mkewe aliitwa Tupokigwe, Mama Lugano. Huyu ndiye aliyekuwa mlango wa nyumba ile. Chai ya maziwa ilitoka mkononi mwake, ndizi za kuchemsha zilitoka mkononi mwake, na vichekesho vilitoka mdomoni mwake. Alikohoa kama mzee wa kanisa anayetaka watu wanyamaze. Alitembea kama mwenyekiti wa kijiji aliyevaa viatu vipya. Watu wakashika mbavu. Walisema wanaifuata taa. Walikuwa wakimfuata yeye, ila hawakujua, na Ambakisye hakujua.

Yeye mwenyewe hakwenda popote. Kulikuwa na ng'ombe wa kukamua, na mama mkwe wa kuogesha, na wageni wa jioni. Kwaya ya kina mama aliiacha. Kwa dada yake, kule karibu na soko, alikuwa akiahidiwa tu kupelekwa. "Subiri barabara ikauke, Mama Lugano," mumewe alimwambia, na kiti cha mbele kikapakiwa mikungu ya ndizi.

Taratibu akaanza kupungua. Vichekesho vikawa vifupi. Kisha vikawa kimoja kwa jioni. Kisha akawa anaweka chai mezani na kurudi jikoni. Majirani nao wakaanza kuaga mapema, kila mmoja na udhuru wake, huku taa ikiwaka vizuri tu. Ambakisye aliona nyumba imefifia, akatafuta ugonjwa pale alipozoea kuutafuta: akasugua vichwa vya betri, akabadili waya, akaleta balbu kubwa zaidi. Mwanga ukafika hadi uani. Nyumba ikabaki vilevile.

Jioni moja Mwakyoma alikuja na mkwewe, mgeni kutoka Chunya. Ambakisye akainua kidole, akaanza. Alipofika pale pa kuchukua bila kurudishia, Tupokigwe alikuwa amesimama karibu yake na birika mkononi. Hakupandisha sauti.

"Baba Lugano," alisema, "hiyo inatoka kila asubuhi na inarudi imejaa. Mimi najazwa wapi?"

Mwakyoma alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akainamia kikombe. Ambakisye alimtazama mkewe chini ya balbu ile kubwa. Betri alikuwa akiikagua kila siku. Uso huu hakukumbuka mara ya mwisho aliukagua lini.

Asubuhi hakupakia mizigo kiti cha mbele. Dada yake Ambakisye alikuja kukaa na mama yao na kukamua ng'ombe. "Panda," akamwambia mkewe. Tupokigwe alikitazama kiti kile kama mtu anayeonyeshwa nyumba isiyo yake, kisha akapanda. Akashushwa kwa dada yake, jioni akapitiwa. Ambakisye akangoja vichekesho. Hakuviona. Mwenzake alikula, akalala. Safari iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ile iliyofuata tena. Alitaka kusema basi, nimejaribu. Lakini kuna jambo moja alilijua vizuri maishani mwake: betri iliyokwisha kabisa haijai kwa safari ya kwenda dukani na kurudi. Akaacha kiti kile wazi, siku ya soko hata siku ya soko.

Viazi vilikuwa karibu kwisha mashambani walipokutana barabarani na mzee mmoja wa heshima zake, koti na tai, akikimbizwa na bata mzinga. Kofia alikuwa ameishika kifuani, anarudi nyumanyuma, anambembeleza: "Mama, nakuomba, mama, tuongee kama watu wazima." Tupokigwe alicheka. Alicheka hadi akapigapiga mlango wa gari kwa kiganja, hadi kanga ikamvuka begani. Ambakisye ilibidi asimame kando, maana machozi yalimzuia kuona njia, na hakujua vizuri yalikuwa machozi ya nini.

Jioni ile mama wa watu hakungoja hata kukaa. Akawa mzee, akawa bata, akawa kofia. Chai alichemsha Ambakisye, chai mbaya, watu wakainywa. Saa tatu ikapita. Taa ikawa ya manjano, ikawa nyekundu kama kaa, ikazimika, na mkono wa Ambakisye haukwenda kuizima kabla. Vicheko vikaendelea gizani.

Asubuhi gari halikuwaka. Wageni walewale wakaja wakaweka mabega, Mwakyoma akilalamikia kiuno chake, wakalisukuma kuelekea mteremkoni. Tupokigwe alikuwa amekaa mbele, kichwa nje ya dirisha.

"Sukumeni!" akawaambia. "Mlidhani mtacheka bure?"

Sasa ninyi mnaonisikiliza: yule anayewaangazia nyumbani kila jioni, mmewahi kumuuliza yeye anajazwa wapi?